Afya ya akili ya mama na ukuaji wa watoto wenye uzito mdogo sana

Afya ya akili ya mama na ukuaji wa watoto wenye uzito mdogo sana ni mada ya tiba, saikolojia na afya ya jamii inayochunguza jinsi hali ya kihisia ya mama na maendeleo ya mtoto aliyezaliwa mdogo kupita kawaida zinavyoathiriana. Wengi wa watoto hao ni watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya mimba kutimiza wiki 37.

Kwa muda mrefu hospitali zilimhudumia mtoto wa namna hiyo peke yake: joto, hewa, chakula na kinga dhidi ya maambukizi. Mama alihesabiwa kuwa mgeni wa wodi, au chanzo cha maziwa tu. Tafiti zilizofanyika tangu miaka ya 1960 zimeonyesha kwamba sonona, wasiwasi na kiwewe huwapata akina mama hao mara nyingi kuliko wengine, kwamba hali hizo zikiachwa bila tiba zinaweza kupunguza nafasi ya mtoto kukua vizuri, na kwamba zinatibika. Kwa sababu hiyo huduma ya kisasa humtazama mama na mtoto kama watu wawili wanaotibiwa pamoja.

## Istilahi na vipimo

Shirika la Afya Duniani hugawa uzito wa kuzaliwa hivi:

- uzito mdogo: chini ya gramu 2500
- uzito mdogo sana: chini ya gramu 1500
- uzito mdogo kupindukia: chini ya gramu 1000

Mtoto anaweza kuwa mdogo kwa sababu mbili kuu. Ya kwanza ni kuzaliwa kabla ya wakati. Ya pili ni kudumaa akiwa tumboni, kwa mfano kutokana na kifafa cha mimba na shinikizo la damu, malaria, lishe duni ya mama, au kondo la nyuma lisilofanya kazi ipasavyo. Sababu hizo mbili zinaweza kukutana kwa mtoto mmoja. Karibu watoto wote wenye uzito chini ya gramu 1500 wamezaliwa kabla ya wakati.

Nchini Tanzania jina la kawaida ni mtoto njiti, kutoka njiti ya kiberiti, kwa jinsi viungo vyake vilivyo vyembamba. Nchini Kenya husemwa zaidi "mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati". Vilevile ugonjwa unaoitwa sonona nchini Tanzania mara nyingi huitwa unyogovu au mfadhaiko nchini Kenya.

## Ukubwa wa tatizo

Mwaka 2020 watoto takriban milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati duniani, yaani karibu mmoja katika kila 10. Matatizo yatokanayo na kuzaliwa kabla ya wakati ndiyo yanayoongoza kuua watoto walio chini ya umri wa miaka 5.

Kwa upande wa akina mama, Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba asilimia 10 hivi ya wajawazito na asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea makadirio hayo hupanda hadi asilimia 15.6 wakati wa ujauzito na asilimia 19.8 baada ya kujifungua.

Kwa akina mama wa watoto njiti viwango ni vya juu zaidi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuta kwamba katika wiki za kwanza baada ya kujifungua sonona iliweza kufikia asilimia 40 ya akina mama hao.

## Historia

Inkubeta za kwanza za hospitali zilianza kutumika Paris, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1880 chini ya daktari Stéphane Tarnier. Mwanafunzi wake, Pierre Budin, aliona jambo ambalo mashine haikuweza kulitatua: baadhi ya akina mama waliotenganishwa na watoto wao kwa wiki nyingi walipoteza hamu nao, na wengine hawakurudi kuwachukua. Budin alihimiza akina mama wawe karibu na wanyonyeshe wenyewe.

Ushauri huo haukufuatwa kila mahali. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kwa hofu ya maambukizi, wodi nyingi za Ulaya na Marekani zilifunga milango kwa wazazi. Kati ya mwaka 1903 na 1943 Martin Couney aliwaonyesha watoto njiti ndani ya inkubeta huko Coney Island, New York, kwa watazamaji waliolipa kiingilio. Fedha hizo ziligharimia matibabu ya watoto.

Mwaka 1960 watafiti wa Marekani David Kaplan na Edward Mason walieleza kuzaliwa kwa mtoto njiti kuwa ni msukosuko mkali wa kihisia kwa mama. Walitaja kazi nne ambazo mama analazimika kuzipitia: kujiandaa kwamba mtoto anaweza kufa, kukubali kwamba hakuweza kubeba mimba hadi mwisho, kuanza upya uhusiano na mtoto anapopata nafuu, na kujifunza kwamba mtoto huyo ana mahitaji ya pekee ambayo hata hivyo ni ya muda.

Katika miaka ya 1970 madaktari Marshall Klaus na John Kennell walidai kwamba saa za kwanza baada ya kuzaliwa ndizo zinazojenga uhusiano wa mama na mtoto. Dai la kwamba saa hizo haziwezi kufidiwa lilipingwa baadaye, kwa kuwa uhusiano huo hujengeka kwa miezi na miaka. Hata hivyo kazi yao ilisaidia kufungua milango ya wodi kwa wazazi.

Mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria wa Bogotá, Kolombia, akikabiliwa na uhaba wa inkubeta na wingi wa maambukizi na vifo, alianza kuwaweka watoto wadogo kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Héctor Martínez aliungana naye muda mfupi baadaye. Njia hiyo iliitwa huduma ya mama kangaruu, na imeenea duniani kote.

## Hali zinazowapata akina mama

Si kila huzuni ni ugonjwa. Akina mama wengi, hata waliojifungua watoto wa kawaida, hulia na kubadilika hisia katika siku za kwanza, kisha hali hiyo hupita yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Zinazohitaji msaada ni hizi:

- Sonona baada ya kujifungua. Huzuni au kukosa furaha kunakodumu zaidi ya wiki mbili, uchovu usioisha, hisia ya hatia, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, na pengine mawazo ya kufa.
- Wasiwasi uliopita kiasi. Mama hawezi kutulia, huamka kila mara kuangalia kama mtoto anapumua, na huogopa kumgusa au kubaki naye peke yake.
- Msongo baada ya kiwewe. Picha za kujifungua kwa dharura au za mtoto aliyeacha kupumua humrudia bila kualikwa. Sauti ya kengele ya mashine, au hata harufu ya dawa ya kusafishia mikono, inaweza kumtetemesha miezi baadaye. Wengine hukwepa kabisa kurudi hospitalini.
- Saikosisi baada ya kujifungua. Hutokea mara chache, kwa mama mmoja au wawili katika kila 1000, na humfanya aone au asikie yasiyokuwepo. Ni dharura ya tiba.

Sababu za hali hizo huingiliana. Mwili wa mama umetoka katika mabadiliko makubwa ya homoni, na mara nyingi umepita pia katika upasuaji, kutokwa damu nyingi au kifafa cha mimba. Mtoto yuko mahali ambapo mama hawezi kumbeba atakavyo. Kila baada ya saa mbili au tatu mama hukamua maziwa, usiku na mchana, na huyatazama yakipita kwenye mpira wa kulishia. Uzito wa mtoto hupungua katika siku za kwanza kabla haujaanza kupanda, na mama asiyeelezwa kwamba hilo ni la kawaida huona kila gramu iliyopotea kuwa kosa lake. Pembeni mwa hayo kuna gharama za hospitali, watoto wengine walioachwa nyumbani, na pengine kifo cha pacha.

Uwezekano wa kuugua huongezeka kwa mama aliyewahi kuwa na sonona, aliyepoteza mimba au mtoto kabla, anayepigwa au kunyanyaswa na mwenzi, asiye na ndugu wa kumsaidia, au aliye katika umaskini mkubwa.

## Jinsi hali ya mama inavyomfikia mtoto

Athari huanza kabla ya kuzaliwa. Mapitio ya tafiti yanaonyesha kwamba sonona wakati wa ujauzito huongeza kiasi hatari ya kujifungua kabla ya wakati na ya mtoto kuwa na uzito mdogo. Miongoni mwa njia zinazotajwa ni homoni za msongo, kama vile kortisoli, pamoja na lishe duni, usingizi mbaya na kuchelewa kuanza kliniki.

Baada ya kuzaliwa, njia kuu ni mawasiliano ya kila siku. Mtoto mchanga hujifunza kwa kutazama uso, kusikia sauti na kujibiwa. Mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake walichapisha jaribio ambalo mama aliombwa akae mbele ya mtoto wake bila kuonyesha hisia yoyote usoni kwa dakika chache. Watoto walijaribu kumvuta kwa tabasamu na mikono. Walipokosa jibu waligeuza uso na kunywea. Mama mwenye sonona kali anaweza kuwa na uso wa namna hiyo kwa muda mrefu bila kukusudia, kwa sababu ugonjwa humwondolea nguvu ya kuitikia.

Kwa mtoto njiti jambo hilo ni gumu maradufu, kwa kuwa ishara zake mwenyewe ni hafifu. Hulala muda mrefu, hulia kwa sauti ndogo, huchoka haraka, na akizidiwa na mwanga au kelele hugeuza macho. Mama asiyefundishwa kusoma ishara hizo anaweza kudhani mtoto hamtaki. Mtoto mwenye ishara dhaifu na mama mwenye nguvu kidogo za kuitikia wanaweza kukosana siku baada ya siku, bila yeyote kati yao kuwa na kosa.

Njia nyingine ni hizi:

- Maziwa. Msongo na maumivu huzuia homoni ya oksitosini inayosukuma maziwa yatoke. Mama akikamua kidogo huongezewa hofu, na hofu hupunguza tena maziwa. Maziwa ya mama ni kinga kubwa ya mtoto njiti dhidi ya ugonjwa hatari wa kuoza kwa utumbo.
- Ufuatiliaji. Mtoto mdogo sana huhitaji kliniki nyingi kuliko mwingine: uzito, chanjo, macho, masikio, mazoezi ya viungo. Mama mwenye sonona hukosa nguvu za kufika, na tatizo ambalo lingegunduliwa mapema huchelewa.
- Hofu inayodumu. Baadhi ya akina mama huendelea kumwona mtoto kuwa dhaifu hata baada ya kupona, wakamzuia kutambaa, kucheza na wenzake au kula chakula cha kawaida.

## Ukuaji wa mtoto na matokeo ya tafiti

Ukuaji wa mtoto njiti hupimwa kwa umri uliorekebishwa, yaani umri wake kamili ukiondoa wiki alizowahi kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 30 aliwahi kwa wiki 10. Atakapofikisha wiki 26, ambazo ni miezi sita, atatarajiwa kufanya yanayofanywa na mtoto wa wiki 16, ambaye hajafikisha hata miezi minne. Kwa kawaida hesabu hiyo hutumika hadi miaka miwili. Mama asiyeifahamu humlinganisha mtoto wake na wa jirani aliyezaliwa mwezi uleule, na kila mara humwona wake amebaki nyuma.

Watoto wenye uzito mdogo sana wana hatari kubwa zaidi ya mtindio wa ubongo, matatizo ya kuona yatokanayo na ugonjwa wa retina, kupungua kwa usikivu, kuchelewa kuongea, na baadaye ugumu wa kuzingatia masomo. Hatari hizo hutokana hasa na mambo ya mwili: umri wa mimba, kutokwa damu ndani ya ubongo, maambukizi, na upungufu wa oksijeni au lishe. Sonona ya mama haisababishi mtindio wa ubongo wala upofu. Inachoweza kugusa ni jinsi mtoto mwenye ubongo unaoendelea kujengeka anavyolishwa, anavyosemeshwa, anavyochezewa na anavyofuatiliwa, na kwa hiyo ni kiasi gani cha uwezo wake kitatumika.

Tafiti kadhaa zimefuatilia uhusiano huo. Katika vijiji vya wilaya ya Rawalpindi, Pakistan, watoto wa akina mama wenye sonona walikutwa na hatari kubwa zaidi ya uzito pungufu na udumavu katika mwaka wa kwanza, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Utafiti huo ulihusu watoto wa kawaida, si njiti pekee. Nchini Marekani, mpango mkubwa ulioanza mwaka 1985 katika vituo vinane ulihusisha watoto 985 waliozaliwa kabla ya wakati wakiwa na uzito usiozidi gramu 2500. Familia zilizotembelewa nyumbani, kupewa kituo cha malezi na vikundi vya wazazi zilikuwa na watoto waliopata alama za juu zaidi za akili walipofika miaka mitatu. Faida ilikuwa alama 13 hivi kwa waliozaliwa na gramu 2001 hadi 2500, na alama 7 hivi kwa waliokuwa wadogo zaidi. Msaada uliwafaa wote, lakini kadiri mtoto alivyozaliwa mdogo ndivyo mwili wake ulivyoweka mipaka.

Tafiti hizi zina udhaifu wake. Umaskini unaweza kusababisha sonona ya mama na pia udumavu wa mtoto, hivyo ni vigumu kutenga mchango wa kila kimoja. Mtoto mgonjwa zaidi naye humhuzunisha mama zaidi. Kwa hiyo wataalamu husema juu ya uhusiano wa pande mbili, wala hawamlaumu mama.

## Upimaji

Chombo kinachotumika zaidi ni Kipimo cha Edinburgh cha Sonona baada ya Kujifungua, kilichochapishwa Uskoti mwaka 1987 na John Cox, Jeni Holden na Ruth Sagovsky. Kina maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita, na alama zake ni kuanzia 0 hadi 30. Mara nyingi alama 13 au zaidi huashiria uwezekano wa sonona, ingawa baadhi ya nchi hutumia kikomo cha chini zaidi. Kimetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo.

Kipimo hiki hakithibitishi ugonjwa. Humwonyesha mhudumu ni nani anayehitaji mazungumzo marefu zaidi. Swali la 10 huuliza kuhusu mawazo ya kujidhuru, na jibu lolote la kukubali hushughulikiwa siku hiyohiyo bila kujali jumla ya alama.

Kwa akina mama wa watoto njiti hushauriwa upimaji urudiwe: mtoto akiwa bado wodini, kabla ya kuruhusiwa, na wakati wa kliniki za miezi inayofuata. Baadhi yao hujikaza mtoto akiwa hatarini na huanguka baada ya kufika nyumbani, wakati ambapo kila mtu anadhani shida imekwisha.

## Msaada na tiba

### Huduma ya mama kangaruu

Mtoto akiwa na nepi, kofia na soksi tu huwekwa wima kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na kufungwa kwa kitambaa. Joto la mama humtosha, mapigo ya moyo na pumzi ya mtoto hutulia, na kunyonyesha huwa rahisi. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulihusisha zaidi ya watoto 3200 wenye uzito wa gramu 1000 hadi 1799. Walioanzishiwa huduma hiyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali yao itulie, walikufa kwa asilimia 12.0 ndani ya siku 28. Kwa waliosubiri vifo vilikuwa asilimia 15.7. Ili jambo hilo liwezekane, kitanda cha mama kiliingizwa ndani ya wodi ya wagonjwa mahututi ya watoto. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto njiti na wenye uzito mdogo waanze huduma hiyo mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Faida yake haiko kwa mtoto tu. Nchini Israeli, Ruth Feldman na wenzake walilinganisha watoto njiti 73 waliokaa kifuani mwa mama kwa saa moja kila siku kwa siku 14 na wengine 73 waliopata huduma ya kawaida. Mama wa kundi la kwanza waliripoti sonona kidogo zaidi na waliwagusa na kuwaitikia watoto wao zaidi, na watoto walipata alama za juu zaidi za maendeleo ya akili katika miezi sita. Huko Bogotá, vijana waliokuwa wamelelewa kwa njia hiyo walifuatiliwa hadi miaka 20 hivi, na walionekana kuwa na ukali na pupa kidogo kuliko wenzao.

### Kumfundisha mama kumsoma mtoto

Mwaka 1980 katika jimbo la Vermont, Marekani, ulianza mpango ambao muuguzi alikutana na mama mara 11: saba kabla ya kutoka hospitalini na nne nyumbani. Mama alionyeshwa jinsi mtoto anavyoomba kupumzika, anavyoalika mazungumzo na anavyotulizwa. Tofauti kati ya watoto wa mpango na wengine haikuonekana haraka. Ilijitokeza karibu na miaka mitatu hadi minne, na ilikuwepo bado walipokuwa na miaka tisa. Mpango wa aina hiyo huko Tromsø, Norwei, ulipunguza msongo wa wazazi katika mwaka wa kwanza.

### Tiba ya mazungumzo

Nchini Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini wasio wataalamu wa akili walifundishwa kuwatembelea akina mama wenye sonona na kuwasaidia kubadili fikra zinazowafunga. Katika utafiti wa akina mama 903 uliochapishwa mwaka 2008, miezi sita baada ya kujifungua asilimia 23 ya waliosaidiwa walikuwa bado na sonona, ikilinganishwa na asilimia 53 ya wengine. Watoto wao walipata kuhara mara chache na chanjo zaidi, ingawa uzito na urefu havikutofautiana kwa kiwango cha uhakika. Baadaye Shirika la Afya Duniani liliuchapisha mpango huo kama mwongozo kwa nchi nyingine.

### Dawa

Sonona ya kiwango cha kati au kali inaweza kuhitaji dawa. Baadhi ya dawa, kama setralini, hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, hivyo mara nyingi mama huendelea kunyonyesha. Uamuzi ni wa daktari anayewajua mama na mtoto wote wawili, hasa mtoto akiwa mdogo sana. Kuacha dawa ghafla bila ushauri ni hatari.

## Baba na familia

Akina baba nao huathirika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba mwezi mmoja baada ya mtoto kulazwa, asilimia 15 ya mama na asilimia 8 ya baba walikuwa na msongo baada ya kiwewe. Baba anaweza kumweka mtoto kifuani vilevile, na kufanya hivyo humpa mama nafasi ya kulala na kula. Bibi, shangazi na dada pia hufanya kazi hiyo.

## Afrika Mashariki

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, na hasa pwani, mama aliyejifungua hutunzwa kwa siku arobaini: hupikiwa uji na vyakula vya nguvu, hukandwa kwa maji ya moto, na hupunguziwa kazi. Mama wa mtoto njiti mara nyingi hupitisha arobaini hiyo hospitalini, mbali na wale ambao wangemtunza, na huenda akatoka bila kusherehekewa.

Zipo pia imani zinazomwongezea mzigo. Nchini Tanzania mtoto anayedhoofika wakati wa kunyonya anaweza kusemwa kuwa amebemendwa, yaani amedhurika kwa sababu wazazi wake wamevunja miiko ya tendo la ndoa. Udogo wa mtoto unaotokana na malaria au shinikizo la damu hugeuzwa kuwa ushahidi wa tabia ya mama. Mwanamke anayeogopa kusemwa hukaa ndani, hukosa kliniki na haelezi huzuni yake. Elimu kwa wakwe, wenzi na majirani kwa hiyo ni sehemu ya tiba.

Kwa upande mwingine mazingira yana nguvu zake. Khanga na kitenge hutosha kumfunga mtoto kifuani. Katika wodi za kangaruu akina mama hukaa pamoja kwa wiki kadhaa, na yule ambaye mtoto wake amefikisha gramu 1800 huwa mwalimu wa aliyeingia jana na mtoto wa gramu 1100. Upungufu uliopo ni wa wauguzi, vitanda vya akina mama, na wataalamu wa afya ya akili, ambao wengi wako mijini.

Likizo ya uzazi ni suala jingine, kwa kuwa mama aliyeajiriwa anaweza kuimaliza mtoto akiwa bado wodini. Nchini Tanzania wanaharakati wa watoto njiti, miongoni mwao Doris Mollel ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, waliomba jambo hilo lirekebishwe, na katika miaka ya 2020 sheria za kazi zilibadilishwa ili mama wa mtoto njiti aongezewe muda. Tarehe 17 Novemba kila mwaka huadhimishwa kama Siku ya Watoto Njiti Duniani.

## Dalili zinazohitaji msaada wa haraka

Mama apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, wala asiachwe peke yake, ikiwa:

- anasema anataka kufa, au kwamba mtoto angekuwa afadhali bila yeye;
- ana mawazo ya kumdhuru mtoto;
- anasikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni;
- hajalala kabisa kwa siku kadhaa na anaongea mambo yasiyoeleweka;
- ameacha kula, au ameacha kumlisha mtoto.

## Tazama pia

- Mtoto njiti
- Sonona
- Huduma ya mama kangaruu
- Unyonyeshaji
- Kifafa cha mimba
- Mtindio wa ubongo
- Udumavu